Kuziba Pengo la Jino: Ni Tiba au Ni Kugeuza Maumbile?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad:

Tumeletewa swali kutoka Mghange, katika milima ya Taita. Muulizaji ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani, naye ndiye anayewaswalisha Waislamu wachache walioko huko. Asema kuwa alianguka akavunjika meno mawili ya mbele, ya juu. Tangu siku hiyo baadhi ya herufi hazimtoki sawasawa, watoto wa chuo humwigiza, na wako watu walioacha kuswali nyuma yake. Ameteremka hadi Voi kwa tabibu wa meno, naye akamwambia kuwa aweza kumtilia meno mapya kwa njia iitwayo daraja. Lakini daraja hilo halishiki ila kwa kuchongwa meno mazima yaliyo kando ya pengo. Aliporejea mlimani akakuta watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja lasema: usithubutu, huko ni kugeuza maumbile ya Mungu. La pili lasema: usipotia meno, uache uimamu. Naye auliza: nifuate lipi?

Tumeona ni wajibu kulijibu swali hili kwa urefu, kwa kuwa si la mtu mmoja. Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, ni wangapi wenye mapengo, na ni wangapi wanaotia meno bila ya kuuliza, na wengine wanaoacha kutia kwa hofu isiyo na dalili!

Kwanza tujue cheo cha jino katika sharia. Mwenyezi Mungu amelitaja jino kwa jina lake katika Sura ya Al-Maida, aya ya 45, alipotaja kisasi cha jicho, pua, sikio na jino. Na Mtume (s.a.w.) ameweka dia ya jino moja kuwa ni ngamia watano, na wanavyuoni wengi wamesema kuwa jino la mbele na gego ni sawa katika dia hiyo. Basi kitu ambacho sharia imekiwekea thamani ya ngamia watano si kitu cha kuchezewa, wala si kitu ambacho mwenyewe ataambiwa, "Ni jino tu, nyamaza."

Pili, tujue kuwa pengo si aibu. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, jino la Mtume (s.a.w.) lilivunjika, mdomo wake ukapasuka na uso wake ukajeruhiwa. Hakuna Mwislamu atakayethubutu kusema kuwa jambo hilo lilimpunguzia haiba yake. Basi mwenye kumcheka mwalimu wa Mghange kwa pengo lake na afikiri anacheka nini. Na wazazi wa watoto wanaomwigiza wawasomeshe wana wao Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inayokataza watu kudharauliana, kabla hawajawatuma chuoni kusoma nyinginezo.

Hayo mawili tukiyashika pamoja, yatatuepusha na pande mbili za makosa: kusema kuwa jino si kitu, na kusema kuwa mtu mwenye pengo si mtu kamili.

Sasa tuje kwenye hoja ya wale wanaokataza. Wao wategemea Sura ya An-Nisaa, aya ya 119, ambamo Shetani ameapa kuwa atawaamrisha wanadamu wageuze maumbile ya Mwenyezi Mungu. Na wategemea hadithi ya Ibn Masud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya kulaaniwa wanawake wanaochanja mwili, wanaong'oa nyusi, na wanaotia mianya baina ya meno yao kwa ajili ya uzuri.

Dalili hizi ni sahihi wala hatuzipingi. Lakini dalili sahihi ikiwekwa mahali si pake huwa hukumu ya makosa. Tuitazame hadithi yenyewe. Waliolaaniwa ni wenye meno mazima, yaliyoshikana kama alivyoyaumba Mungu, wakayachonga ili wapate mwanya. Na sisi watu wa pwani twaujua mwanya; husifiwa, na wako wanaokwenda kuutengeneza kwa tupa. Hao ndio hadithi inaowasema. Tena tamko la hadithi limeitaja sababu, nayo ni kutafuta uzuri. Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi, alipoisherehesha hadithi hii katika Muslim alibainisha kuwa kilichoharamishwa ni kufanya hivyo kwa kutaka uzuri, ama ikiwa ni haja ya dawa au ila katika jino, basi hapana ubaya.

Basi mwenye jino zima akalichonga amegeuza. Mwenye jino lililovunjika akatia mahali pake lililo mfano wake amerejesha. Je, kurejesha na kugeuza ni kitu kimoja? Mtu aliyevunjika mguu akafungwa gango ukaunga, tutasema amegeuza maumbile? Na mzee aliyevaa miwani ili asome msahafu, tutamwambia aivue kwa kuwa Mungu ndiye aliyempunguzia nuru ya macho?

Na dalili iliyo karibu zaidi kuliko kiasi hiki ni hadithi ya Arfaja bin Asaad, waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Sahaba huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akajitilia pua ya fedha, ikamtoa harufu mbaya, ndipo Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atie pua ya dhahabu. Tirmidhi akaihukumu kuwa ni hasan gharib. Tazama mambo matatu katika hadithi hii. La kwanza, kiungo kilichoondoka kimetiwa badali, na Mtume hakusema kuwa ni kugeuza maumbile. La pili, dhahabu, ambayo kwa wanaume ni haramu, imeruhusiwa kwa haja. La tatu, haja yenyewe haikuwa kufa na kupona. Mtu huishi bila ya pua. Ilikuwa ni kumwondolea mtu udhia na unyonge mbele za watu. Wanavyuoni wa Shafi wakalipima jino kwa pua hiyo, wakaruhusu jino la dhahabu kwa aliyeng'oka jino.

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu hata tudhani kuwa limeletwa na Wazungu juzi. Abul Qasim Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyefariki mwaka wa 1013, ameandika katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na namna ya kuchonga jino kwa mfupa wa ng'ombe likawekwa pahala pa lililoanguka. Akapendelea dhahabu kuliko fedha kwa kuwa fedha hugeuka ikaharibika, na hiyo ni ila ile ile iliyompata Arfaja. Elimu hii ilikuwa mikononi mwa wazee wetu, sisi tukaiacha. Leo twaiona ngeni mpaka twaiogopa.

Lakini tusifanye ruhusa ya haja kuwa mlango wa fahari. Ilikuwa ni ada katika miji yetu, na mabaki yake yako, mtu kulivisha dhahabu jino lililo zima ili akicheka aonekane kuwa anacho. Huyo si Arfaja. Kwa mwanamume jambo hilo ni haramu, kwa kuwa ni dhahabu bila ya haja, na juu ya haramu ni ujinga, kwani amelichosha jino zima. Na zama zetu hizi meno hutengenezwa kwa kauri na kwa vitu vigumu vingine vyenye rangi ya jino, visivyooza wala kutoa harufu. Kwa hivyo mwanamume aliye na uwezo wa kupata hivyo, haja yake ya dhahabu imeondoka.

Tuje kwenye ibada, kwa kuwa hapa ndipo penye maneno mengi. Wako wanaosema kuwa jino lililobandikwa likazuia maji huharibu josho la janaba. Jawabu ni kuwa, katika madhehebu ya Shafi, kusukutua ni suna katika udhu na katika josho. Ndani ya kinywa si katika mwili wa nje ambao ni lazima kuenezwa maji. Madhehebu ya Hanafi ndiyo yanayowajibisha kusukutua katika josho, na hata huko kisichoondoka ila kwa taabu husamehewa. Wengine huuliza juu ya saumu: jino lililothubutu kinywani halifunguzi mtu, ila kazi ya kulitia ni bora icheleweshwe mpaka baada ya Ramadhani au ifanywe usiku, kwa kuogopea maji na damu kupita kooni. Na maiti je? Meno ya kuvua huvuliwa kabla ya kuoshwa. Yaliyokazwa, ambayo hayatoki ila kwa kuvunja, huachwa alivyo nayo, kwa kuwa imepokewa katika hadithi kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja angali hai.

Ama suala la uimamu, lataka uangalifu, kwani wale walioacha kumfuata mwalimu wana hoja, na wana dhuluma pia. Meno ya mbele ya juu ni makhraji ya herufi. Faa hutoka baina yake na mdomo wa chini. Thaa, dhali na dhaa hutoka kwa ncha ya ulimi na ncha za meno hayo. Lakini nguzo ya swala ni Fatiha, na katika Fatiha hakuna faa, wala thaa, wala dhaa. Kuna dhali mara moja tu, katika neno "alladhina". Basi jambo lote lazunguka juu ya herufi moja katika neno moja. Na wakae naye watu wawili wanaoijua tajwidi, wamsikilize neno hilo. Ikiwa dhali yasikika kuwa ni dhali, hata kama ina mluzi wa pengo, uimamu wake ni sahihi, na wanaomkimbia wanaleta fitina. Ikiwa yageuka kuwa zee au dali, naye hawezi kuitoa, basi swala yake mwenyewe ni sahihi, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Lakini katika madhehebu yetu anayeweza hamfuati asiyeweza, na amtangulize mwingine mpaka apone. Hilo si kumvunjia heshima, wala halimwondoi katika kusomesha.

Hapa pia twaona kuwa haja ya mwalimu huyu si uzuri. Ulimi wake ndio kazi yake. Watoto wa Mghange husoma kwa kusikia kinywa chake, na wakizoea herufi iliyopotoka wataichukua mpaka uzeeni.

Sasa tumefika kwenye kiini cha swali, ambacho makundi yote mawili yamekipita. Wamebishana juu ya jino lililoondoka, wakasahau yaliyobaki. Tabibu amesema kuwa lazima ayachonge meno yaliyo kando ya pengo. Tuieleze kazi hii ili msomaji aijue. Daraja la meno ni jino au meno ya kutengenezwa, yaliyoungwa na kofia ngumu mbili, moja kila upande. Meno yaliyopakana na pengo hupunguzwa pande zote mpaka yawe kama vigingi vidogo, kisha kofia hizo hugandishwa juu yake. Basi meno ya kando ndiyo yanayobeba uzito wao na uzito wa wenziwao walioondoka. Na gamba gumu la nje la jino likisha kuchongwa halioti tena maisha. Jino lililochongwa laweza kuja kufa mzizi baada ya muda, na daraja lenyewe si la milele. Likitunzwa vyema huweza kukaa miaka kumi au zaidi, kisha huhitaji kufanywa upya.

Basi je, yafaa kukitia ila kilicho kizima ili kukitengeneza kilichoharibika? Hili ndilo suala la haki. Mwili si mali yetu tuutumie tupendavyo, ni amana. Na katika kanuni za fikihi kuna kanuni mashuhuri kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake. Mtu ambaye nyumba yake ya katikati imeanguka hana ruhusa ya kubomoa kuta nzima za majirani wawili ili apate pa kuegemeza paa lake, maadamu ana njia nyingine. Lakini pia kuna kanuni ya pili, kuwa yakikutana madhara mawili, hutendwa lililo jepesi ili kukinga lililo zito. Na pengo likiachwa lina madhara yake: meno ya kando huinama kuelekea kwenye nafasi, na jino la upande wa pili hushuka au kupanda kwa kukosa la kukabiliana nalo, chakula hukwama, na ila huenea.

Kwa hiyo hukumu haitoki kwa jazba, yatoka kwa mizani. Na mizani hii haishikwi na sheikh peke yake. Twamnasihi ndugu yetu arudi Voi, au ashuke Mombasa akipenda kauli ya pili, amuulize tabibu mambo matatu.

La kwanza: meno ya kando ni mazima kweli? Ikiwa tayari yameoza au yamezibwa, na yenyewe yahitaji kuvishwa kofia, basi kuyachonga ni tiba yake pia, wala hapana mushkili.

La pili: ipo njia yenye madhara madogo zaidi? Kuna meno ya kuvua na kuvaa, ambayo hayachongi jirani, nayo ni nafuu kwa bei. Ila yale ya juu aghlabu hukaa juu ya kibao kinachofunika sehemu ya kaakaa, na msomaji wa Qur'ani aweza kuona taabu ya herufi mpaka ulimi uzoee. Kuna daraja la mabawa, linalogandishwa kwa nyuma ya meno ya kando bila ya kuyachonga sana, ingawa laweza kubanduka. Na kuna jino linalokazwa kwa msumari wa titani ndani ya mfupa wa taya. Hilo halimgusi jirani, lakini lataka mfupa wenye afya, upasuaji na fedha nyingi.

La tatu: nikikaa hivi hivi, ni nini kitakachonipata?

Akisha kupata majibu, sisi twaona hivi. Ikiwa meno ya kando ni mazima, aanze na njia isiyoyadhuru, hata kama haipendezi sana machoni. Akiijaribu isimfae, au herufi zikakataa kutengenea, na njia nyingine hazipatikani au hazimudu, basi kuchongwa kwa kadiri ya haja kunaruhusiwa, kwa kuwa limekuwa ndilo jepesi baina ya mawili. Ama aliye na meno mazima ya kando akaharakia kuyachongesha kwa sababu tu daraja lapendeza zaidi katika picha, huyo amekaribia wale wa mwanya, hata kama alianza na pengo la kweli.

Na asitiwe shaka kwa kuwa tabibu wake huenda akawa Mkristo, kama walivyo wengi katika nchi ile. Mtume (s.a.w.) katika Hijra aliitoa roho yake na ya Abu Bakar mikononi mwa mwongozaji wa njia asiyekuwa Mwislamu, Abdallah bin Uraikit, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu. Yatakiwayo kwa tabibu ni ujuzi na uaminifu. Wa kuogopwa ni yule wa uchochoroni, asiye na cheti, anayebandika meno kwa gundi siku moja na kesho hapatikani.

Tungali na neno kwa wenye meno yao. Mapengo mengi hayakuletwa na kuanguka. Yameletwa na sukari, tumbaku, na muguka unaotafunwa usiku kucha pamoja na peremende na soda. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kuupiga marufuku muguka, na amri hizo zikapingwa mahakamani. Sisi hatungoji mahakama ituambie kuwa kijana hufanya vibaya kuyala meno yake mwenyewe. Na liko ovu kubwa kuliko hilo: katika nchi zetu za Afrika Mashariki wako wanaowakata watoto wachanga ufizi, wakawatoa vijino ambavyo havijaota, kwa madai kuwa ni "meno ya plastiki" yanayoleta homa na kuhara. Ni uwongo mtupu. Ni vijino vya mtoto alivyoumbiwa. Mtoto huumizwa, hutiwa uchafu katika damu, na wengine hufa. Ikiwa wako wanaotafuta kugeuza maumbile ya Mungu ili walikemee, basi hili hapa. Na Mtume (s.a.w.) alitaka kutuamrisha mswaki kwa kila swala lau si kuogopa kututia mashakani. Ni nani katika sisi aliyeishika suna hii kama anavyoishika hoja ya kumkataza mwenziwe tiba?

Mwisho twasema na kundi la pili la Mghange, lililosema atie meno au aache uimamu. Ni rahisi kumwekea mtu sharti kwa mfuko wake. Mwalimu wa chuo twajua anacholipwa. Mmoja humpa shilingi, mwengine humpa mahindi, wa tatu humpa dua. Ikiwa mwataka kinywa kilicho kamili kiwasomeshee wana wenu, changeni. Na sisi wa pwani tusijione tuko mbali. Milima ile yatazamana na reli yetu, na wale ni ndugu zetu wachache walioshika dini mahali pasipo msaada mkubwa. Darasa letu limefungua daftari ya sadaka kwa jambo hili, na iko kwa mshika hazina kila Alhamisi baada ya swala ya Isha.

Haya ndiyo tuliyoyaona kwa kadiri ya elimu yetu. Mwenye kauli yenye dalili zaidi na atuandikie, tutaichapa. Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye ndugu yetu, aunyooshe ulimi wake kwa kitabu Chake, na atupe sote kutunza alichotuamini nacho. Wallahu aalam.